Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya: "Kale mboga za majani" si matibabu ya upungufu wa chuma

Kwa Waheshimiwa Viongozi wa Wizara ya Afya na wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI, Mji wa Serikali, Mtumba;
Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma na Waganga Wakuu wa Wilaya;
Kwa wanaopanga vifurushi vya bima ya afya na wanaoagiza dawa za umma.

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alianguka mstarini asubuhi, kabla wimbo wa taifa haujafika ubeti wa pili. Tulimpeleka kwenye kituo kilicho karibu, akapimwa, na saa sita mchana akarudi na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: "HB 8.6. Ale mboga za majani, matunda, maini." Hakupewa dawa wala tarehe ya kurudi, na hakuna aliyemwuliza lolote kuhusu hedhi yake, minyoo, au anachokula nyumbani kwao. Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, na nakiri kwamba mikono ilinitetemeka kidogo, kwa sababu maneno hayohayo niliandikiwa mimi mara tatu katika muda wa miaka minne, na mara zote tatu niliyatii.

Ninaandika kueleza kwa nini maneno hayo si matibabu, na kuomba yaache kutumika badala ya matibabu. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa kemia, mama wa watoto watatu, mkazi wa Nkuhungu, na mgonjwa aliyelazimika kuusoma ugonjwa wake mwenyewe. Sitataja kituo, hospitali wala mtumishi yeyote, kwa kuwa wengi walionihudumia walikuwa waungwana waliochoka, wenye foleni ndefu mlangoni, na kasoro ninayoisema haikuwa ya mtu mmoja. Ingekuwa ya mtu mmoja, ningemwandikia yeye.

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa mwaka 2019. Nikiwa na mimba yake nilipimwa kliniki nikakutwa na himoglobini (ile HB, sehemu ya damu ambayo mwili huijenga kwa chuma) ya 9.4, ilhali wakati huo Shirika la Afya Duniani lilihesabu kuwa mjamzito aliye chini ya gramu 11 kwa desilita amepungukiwa damu. Nilipewa FEFO, yaani vidonge vya chuma na foliki asidi. Bahasha yake naikumbuka vizuri: ndogo, imeandikwa "1 x 1" na hakuna neno jingine juu yake, na ndani yake vidonge thelathini vyekundu vyenye harufu ya msumari uliolowa. Nilivimeza kila siku ya kazi saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, kwa chai ya maziwa na andazi, kwa sababu huo ndio muda pekee niliokuwa na uhakika wa kuukumbuka. Hakuna aliyeniambia kwamba tanini zilizomo kwenye majani ya chai hushikana na chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, na kwamba kalsiamu ya maziwa nayo hukizuia. Mimi ninayefundisha jinsi ayoni za chuma zinavyoungana na vitu vingine nilikuwa nikilifanya jaribio hilo ndani ya tumbo langu mwenyewe kila asubuhi, kisha nikilipa nauli kwenda kuchukua vidonge vingine.

Wiki ya tatu choo kikawa kigumu, kichefuchefu kikazidi, na siku moja nikaona kinyesi kimekuwa cheusi kama lami. Nilidhani ninatoka damu ndani. Nikaziacha dawa, nikazificha juu ya kabati ili mume wangu asije akauliza, na kliniki nilipoulizwa kama ninameza nilijibu kuwa ninameza. Sasa najua kwamba weusi ule ni chuma ambacho hakikuchukuliwa na mwili, na kwamba ni jambo la kawaida kwa yeyote anayemeza dawa hizo. Maelezo yake yanachukua nusu dakika, lakini mimi nusu dakika hiyo sikuipata kwa mtu yeyote.

Mwaka 2021 nikaanza kutamani chaki. Nalisema hili kwa aibu kidogo, ila nadhani ndilo jambo lenye manufaa zaidi katika barua hii. Nilikuwa nikivunja kipande cha chaki nyeupe, nakitia mfuko wa koti la maabara, na kipindi kikiisha naingia stoo nakitafuna polepole huku nimegeukia ukuta. Chaki nyingi za ubaoni hutengenezwa kwa jasi, ileile inayochimbwa kwa majirani zetu Itigi, na jasi haina faida yoyote kwa mtu aliyeishiwa damu. Nilijua hivyo na bado nilitafuna. Nilipothubutu kumwambia mwalimu mwenzangu alicheka, akafungua pochi yake, akanionyesha vipande vya udongo wa kijivu alivyonunua fungu moja sokoni Majengo. Yupo anayetafuna mchele mbichi, yupo anayetafuna barafu hadi meno yanauma. Mitaani husemwa kwamba hiyo ni hamu ya mimba na huachwa ipite. Kumbe tamaa ya namna hiyo huwapata sana watu waliopungukiwa chuma, wawe na mimba au wasiwe nayo, na mara nyingi huondoka yenyewe chuma kinaporudi mwilini. Muuguzi anaweza kuuliza bila kutumia hata tone la kitendanishi: "Dada, kuna kitu kisicho chakula unachokitafuna?" Katika miaka minne sikuulizwa hata mara moja.

Zile mara tatu nilizoandikiwa mboga za majani zilikuwa ndani ya kipindi hicho. Nilikula matembele, nikala mchicha, nikanywa juisi ya choya kila jioni, nikanywa na bitiruti ambayo jirani aliniletea kwa upendo. Mwishoni nilianguka jikoni, himoglobini ikakutwa 6.3, nikalazwa na kuongezewa chupa mbili za damu. Nawashukuru watu wawili nisiowajua waliozitoa. Nilitoka wodini nikiwa na nguvu za kuazima, na kwenye fomu ya kuniruhusu iliandikwa tena kwamba nile vizuri. Hakuna aliyenipa dawa ya chuma wala aliyetafuta damu yangu ilikuwa inakwenda wapi. Chupa moja ya damu hubeba takribani miligramu 200 hadi 250 za chuma. Kwa mtu wa uzito wangu aliyefikia hali ile, pengo lilikuwa zaidi ya gramu moja. Chembe nyekundu nazo huishi siku 120 hivi. Baada ya miezi minane nilikuwa nimerudi palepale.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari kijana ambaye, kabla ya kuagiza kipimo chochote, aliniuliza hedhi yangu huchukua siku ngapi. Nikamwambia tisa. Akauliza kama huwa naamka usiku kubadilisha pedi, nikamwambia kila mwanamke huamka. Akaweka kalamu mezani, akaniambia kwa upole, "Hapana mama, si kila mwanamke." Nilikuwa na umri wa miaka 38 na hapo ndipo nilipojua kwamba hedhi yangu haikuwa ya kawaida. Utrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye kizazi. Ndipo akaagiza kipimo cha feritini, na hapo nikakutana na mlango mwingine uliofungwa: bima yangu haikukigharamia, na maabara iliyokuwa na uwezo wa kukifanya ilinitoza fedha iliyolingana na bei ya mfuko wa unga wa kilo 25. Majibu yalikuja: 5.

Naomba nieleze namba hiyo kwa namna ninavyowaeleza wanafunzi wangu, kwa sababu hoja yangu nzima imesimama juu yake. Sisi wa mkoa huu unaojua njaa tunaelewa tofauti kati ya unga ulio jikoni na nafaka iliyo kwenye kihenge. Himoglobini ni unga wa jikoni, ule unaosongwa leo. Feritini ndiyo inayokuonyesha kihenge cha chuma kina nini. Mama hodari anaweza kusonga ugali kila siku huku kihenge kikielekea kuisha, na mgeni anayepita jikoni ataona sufuria iko motoni, aage aende zake akisema nyumba hii ina chakula. Mwili nao huanza kwa kutumia akiba, na himoglobini hushuka akiba ikishakwisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na HB inayoridhisha huku amechoka, nywele zinanyonyoka, moyo unakwenda mbio akipanda ngazi, na anaambiwa hana tatizo. Kwa mtu mzima mwenye afya nyingine njema, Shirika la Afya Duniani linasema feritini iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita inamaanisha akiba imekwisha. Mimi nilikuwa na theluthi ya hapo, na nilikuwa nikifundisha vipindi 24 kwa wiki.

Waheshimiwa, simdharau mwenye kutoa ushauri wa chakula. Naujua ugali wa mtama na wa uwele, nimekulia kwenye mlenda na karanga, na ninajua nafaka hizo zina chuma. Lakini zina pia faiteti zinazokishika chuma hicho kisichukuliwe kirahisi, na bibi zetu waliokuwa wakiotesha kimea na kuchachusha togwa walikuwa wakizipunguza pasipo kujua jina lake. Ndimu kwenye mboga husaidia, ubuyu husaidia, nyama husaidia zaidi kuliko vyote hivyo, ingawa ukienda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi utaona mwenyewe ni akina nani wamekaa mbele ya sinia la nyama choma na ni akina nani wamesimama wakiuza nyanya. Chakula kizuri humlinda mtu ambaye bado ana akiba. Kwa aliyekwisha kuwa mtupu hesabu inakataa: bakuli la mchicha uliopikwa lina miligramu chache za chuma, na mwili huchukua sehemu ndogo tu ya hizo, ilhali kidonge kimoja cha ferasi sulfeti cha miligramu 200 kina takribani miligramu 60 za chuma chenyewe. Mwanamke anayetokwa na damu siku tisa kila mwezi ni pipa linalovuja, na karatasi ya mboga za majani inamkabidhi kijiko.

Wala si tatizo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepungukiwa damu. Ule wa 2022 ukakuta 42. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 tulikuwa na 58, tukawa na 59. Mwaka 2012 mataifa yalikubaliana kwamba ifikapo 2025 upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wa kuzaa uwe umepungua kwa nusu, kisha tarehe ikasogezwa hadi 2030. Kushuka kutoka 45 hadi 42 kwa miaka saba ni mwendo ambao hata mwanafunzi wangu dhaifu wa hesabu angeweza kuupigia makadirio. Shirika hilohilo la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba, mahali ambapo upungufu wa damu umefikia asilimia 40 au zaidi, wanawake na wasichana wanaopata hedhi wapewe chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Sisi tumo ndani ya kipimo hicho kwa takwimu zetu wenyewe, na bado msichana wa kidato cha tatu mwenye 8.6 anarudishwa na karatasi.

Najua hoja itakayonijibu, nami naiheshimu: chuma si peremende. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Pemba, hapahapa nchini, ulioonyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na foliki asidi katika eneo lenye malaria nyingi waliugua sana na kulazwa zaidi kuliko wenzao, na dunia nzima ikabadilisha miongozo yake kwa sababu ya matokeo yale. Mwenye seli mundu anaweza kuwa na damu ndogo bila upungufu wowote wa chuma. Vidonge vingi vikimezwa na mtoto mdogo nyumbani vinaweza kumuua. Lakini hoja hizo zote zinadai upimaji makini zaidi, hazihalalishi kutofanya kitu. Dodoma si Kanda ya Ziwa, malaria kwetu ni kidogo ukilinganisha na huko, na kama wasiwasi ni kwamba hatujui nani amepungukiwa chuma na nani ana sababu nyingine, basi tufungue vihenge tuangalie.

Ombi langu la kwanza, kwa hiyo, ni kwamba feritini ipatikane angalau katika kila hospitali ya wilaya, na kwamba sampuli iweze kusafirishwa kutoka zahanati. Gari na pikipiki zinazobeba sampuli za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI kwenda maabara kubwa zipo, na barabara zinazijua. Sioni sababu ya kichupa kimoja cha ziada kukosa nafasi humo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na wanaoandika orodha ya vipimo vya kifurushi cha msingi wanaweza kukiweka kipimo hiki humo. Watakaokisoma wafundishwe pia udanganyifu wake: mtu akiwa na maambukizi, feritini hupanda hata kama akiba imekwisha, na ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka kwa mtu mzima wa namna hiyo mpaka uwe 70 badala ya 15. Bila kujua hilo tutawaambia wagonjwa wa kifua kikuu kwamba chuma chao kimejaa.

Mahali ambapo feritini haipo, na najua haitafika kila mahali mwaka huu, bado kuna maswali. Hedhi siku ngapi, na inatoka kiasi gani? Unajifungua kila baada ya muda gani? Umewahi kutapika damu, una vidonda vya tumbo? Ulipewa lini dawa ya minyoo? Wazee wetu waliujua uhusiano huu kiasi cha kuupa ugonjwa jina moja tu, safura, na kamusi hadi leo zinaeleza safura kuwa ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu hadi mtu akapauka na kuvimba. Watoto wetu wa shule za msingi hupewa dawa za minyoo kwa kampeni, na hilo ni jema. Mama anayelima jaruba la mpunga Bahi akiwa pekupeku hakumbukwi na kampeni hiyo mpaka awe mjamzito.

Kuhusu vidonge vyenyewe, sitakuwa mrefu. Visikosekane. Mke wa mdogo wangu, aliye kijijini wilaya ya Bahi, katika mimba yake ya mwisho aliambiwa mara mbili kwamba dawa zimeisha akanunue kwenye duka la dawa muhimu, na duka lenyewe liko umbali wa bodaboda ya kwenda na kurudi. Sera inasema huduma kwa mjamzito ni bure. Bodaboda haijaisoma sera hiyo. Na pale vinapopatikana, mgonjwa aambiwe kwamba himoglobini ikirudi sawa hajamaliza, kwani anatakiwa kuendelea miezi mitatu hivi ili kihenge nacho kijae. Nusu ya walimu wenzangu niliowauliza waliacha siku walipoambiwa "damu imepanda".

Upo pia ujuzi mpya kiasi ambao ningependa waandishi wa mwongozo wa matibabu waupime. Mwili una homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupanda baada ya kumeza dozi ya chuma na kuufunga mlango wa utumbo kwa muda wa siku nzima hivi, kwa hiyo dozi ya pili inayofuata haraka hukuta mlango umefungwa, ikabaki tumboni ikisumbua. Tafiti zilizofanywa Uswisi kwa wanawake vijana wenye upungufu wa chuma, zikachapishwa mwaka 2015 na 2017, zilionyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka moja kunafanya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge ichukuliwe. Kwa mjamzito, agizo la kila siku linabaki palepale. Lakini kwa mwanamke asiye na mimba anayeacha dawa kwa sababu ya tumbo, kama mimi nilivyoziacha, kuambiwa "meza siku moja, ruka moja" kungekuwa bora mara mia kuliko kidonge kinacholala juu ya kabati.

Halafu kuna sisi ambao vidonge havitoshi: wenye damu inayotoka haraka kuliko kidonge kinavyoweza kurudisha, wenye tumbo lisilovumilia kabisa, wajawazito waliokutwa na damu ndogo wiki chache kabla ya kujifungua, waliojifungua wakatoka damu nyingi. Kwetu sisi ipo dawa ya chuma inayopita mshipani. Mimi niliipata mara mbili, kwa wiki moja katikati, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha kawaida chini ya feni, dripu ya rangi ya kahawia iliyokolea ikishuka taratibu, na muuguzi akiniangalia nusu saa baadaye kwa kuwa mara chache sana mtu hupata mzio mkali. Wiki ya tatu nilipanda ngazi za ghorofa ya maabara nikafika juu ninaongea. Chaki niliiacha bila kujua ni siku gani hasa niliiacha. Niliingiza mkono mfukoni nikakuta kipande cha zamani, nikakishangaa. Dawa hii si ya Ulaya tu. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na Dar es Salaam kwa wanawake wa Kitanzania waliojifungua wakiwa na upungufu wa damu, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliopewa chuma cha mshipani damu yao ilirudi haraka zaidi kuliko waliomeza vidonge. Nililipa dawa hiyo kutoka mfukoni, kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu. Siwezi kumwambia mke wa mdogo wangu afanye hivyo. Naomba iwepo hospitali za wilaya, na bima iigharamie kwa masharti yoyote ya kitabibu mtakayoona yanafaa, kwani kila chupa ya damu tunayomwekea mtu ambaye angetibiwa kwa chuma mapema ni chupa iliyoondolewa kwa mama anayevuja damu leba usiku huohuo.

Jambo moja dogo kuhusu unga. Nchi yetu inataka unga wa ngano unaotoka viwandani uongezwe chuma na virutubishi vingine. Ni hatua njema. Lakini nyumba nyingi za Chamwino, Mpwapwa na Chemba hupeleka debe lao la mtama kwenye mashine ya kijijini, na mashine hiyo haina kifaa cha kuchanganya kirutubishi chochote. Anayekula chapati mjini analindwa kuliko anayekula ugali wa uwele kijijini. Wanaosimamia viwango wataangalia hilo. Barua yangu ni ya matibabu.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Kwa ridhaa ya mama yake nilimpeleka kwenye kituo kingine, akasikilizwa, akaonekana kuwa hedhi yake ni nzito na kwamba nyumbani kwao mlo wa mchana ni chai ya rangi na kiporo. Aliandikiwa dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, na rufaa ya kuchunguzwa kwa nini anatoka damu nyingi. Bahasha ilikuja kama yangu ya mwaka 2019, imeandikwa "1 x 1". Nikamwomba muuguzi wa dirisha la dawa kalamu yake na ruhusa, akanisomea moja baada ya nyingine, mimi nikaandika chini yake kwa herufi ndogo: "Meza kwa maji na kipande cha chungwa. Chai baadaye, zikipita saa mbili. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likisumbua usiache, rudi useme. Weka mbali na wadogo zako. Ukijisikia vizuri endelea. Kurudi kupima: baada ya wiki nne." Vyote vilienea kwenye bahasha ileile, na chini ilibaki nafasi ya kuandika tarehe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa kemia,
Nkuhungu, Dodoma.